Nani Anasahihisha Mtihani wa Hisia? Historia Fupi ya Mashine Inayosoma Maoni ya Video

Utangulizi

Siku hizi kumezuka desturi mpya miongoni mwetu sisi wanafunzi wa fasihi. Mtu akitaka kujua jinsi hadhira ilivyoipokea filamu au wimbo, hatoki tena na daftari kwenda kuhoji watu. Anaifungua video yenyewe kwenye YouTube, anateremka hadi chini penye maoni ya watazamaji, anayakusanya kwa maelfu, kisha anayatia katika programu ya kompyuta. Programu inamjibu: maoni chanya ni kiasi hiki, hasi ni kiasi hiki, yasiyo na upande ni kiasi hiki. Jedwali linatoka safi, lina asilimia, lina na rangi zake. Sura ya nne ya tasnifu imekwisha, na mtu anakwenda zake kunywa chai.

Sina ugomvi na kompyuta. Wala sisemi kwamba hisia za binadamu ni siri takatifu isiyoguswa na hesabu. Ninalouliza ni jambo dogo tu: hiyo programu imejuaje kwamba maoni fulani ni chanya? Bila shaka ilifundishwa. Haya, aliyeifundisha naye alijuaje?

Swali hili lina historia, na katika makala haya nakusudia kuifuata. Hoja yangu naitaja mapema ili msomaji asije akasema nimemzungusha. Naona kwamba katika historia yote hii mashine haikuwa ikigundua hisia. Ilikuwa ikijifunza makubaliano ya wasomaji fulani kuhusu hisia. Pale wasomaji waliposhindwa kukubaliana, mara nyingi ushahidi wa kutokubaliana kwao uliwekwa kando. Na hicho kilichowekwa kando ndicho hasa tunachokisomea sisi katika idara zetu.

Kabla ya kompyuta: darasa la Cambridge

Wenzetu wa sayansi ya kompyuta hupenda kuianza historia hii mwaka 2002. Mimi naianza mwaka 1929, kwa kitabu ambacho wengi wetu tumetajiwa katika somo la nadharia: Practical Criticism cha I. A. Richards. Katika miaka ya 1920 Richards aliwagawia wanafunzi wake wa Cambridge mashairi bila majina ya watunzi, akawaomba waandike maoni yao kwa uhuru. Baadaye aliyakusanya maoni hayo na kuyachapa, akizingatia mashairi 13.

Matokeo yaliwashtua wengi. Vijana waliosoma shule nzuri, wenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho, walipishana vibaya mno. Shairi lilelile mmoja aliliona limejaa huzuni ya kweli, mwingine akaliona ni deko tupu. Tungo za washairi wakubwa zilidharauliwa na wengi, ilhali baadhi ya zile za watunzi wasiotajwa sana leo zilishangiliwa.

Kutokana na vurumai hiyo Richards alidai kwamba maana ina pande nne: maana ya maneno yenyewe, hisia ya msemaji kuhusu jambo analolisema, toni yake kwa anayemsikiliza, na nia yake ya kusema. Ndugu msomaji, naomba uzishike pande hizo nne, maana tutazihitaji mbele. Shika na jambo la pili. Richards aliyachapa maoni yanayogombana bega kwa bega. Hakupiga kura ili apate jibu la darasa. Ugomvi wenyewe ndio uliokuwa data yake.

Hisia zaingia katika mizani na kadi

Hatua iliyofuata ilitoka Marekani. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Charles Osgood na wenzake wawili, Suci na Tannenbaum, walitoa kitabu kuhusu namna ya kupima maana. Walimpa mtu neno na kumtaka aliweke katika mizani ya ngazi saba baina ya vinyume viwili: jema au baya, lenye nguvu au dhaifu, tendaji au tulivu. Waligundua kuwa mzani wa wema na ubaya ndio uliobeba uzito mkubwa kuliko mingine. Kuanzia hapo chanya na hasi zikawa na sura ya namba.

Katika miaka ya 1960, huko Harvard, Philip Stone na wenzake wakatengeneza mfumo ulioitwa General Inquirer, ambao kitabu chake kilitoka mwaka 1966. Maandishi yalitobolewa kwenye kadi, yakaingizwa katika kompyuta, na kompyuta ikayalinganisha na kamusi iliyogawa maneno katika makundi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu: maneno mangapi ya kundi hili, mangapi ya kundi lile.

Hapa zile pande nne za Richards zilikuwa zimebaki moja na nusu. Hesabu ya maneno ilishika hisia iliyo juu juu. Toni na nia havikuwa na mahali pa kukaa. Simlaumu Stone kwa hilo, kwani kadi haina sauti. Lakini tukumbuke kwamba kamusi ile haikushuka kutoka mbinguni. Kulikuwa na watu waliokaa mezani wakaamua neno hili liende kundi gani.

Kutoka orodha hadi mashine inayojifunza

Mwaka 1997 Hatzivassiloglou na McKeown wa Chuo Kikuu cha Columbia walikuja na wazo ambalo hata mwanafunzi wa sintaksia wa mwaka wa kwanza atalifurahia. Walisema: tazama viunganishi. Vivumishi vinavyoungwa na "na" kwa kawaida huwa upande mmoja, na vinavyoungwa na "lakini" huwa pande mbili. Kwa Kiswahili tungesema "mwema na mkarimu", na "mkarimu lakini mvivu". Basi kompyuta ikisoma magazeti ya kutosha inaweza kuyapanga maneno yenyewe. Kwa vivumishi vilivyounganishwa na vingine mara za kutosha, walipata usahihi wa zaidi ya asilimia 90.

Safi kabisa. Ila ili kujua kwamba wamepatia, ilibidi kwanza wavitie vivumishi 1,336 alama kwa mkono. Na katika kuchagua waliviacha vile visivyoweza kupewa alama moja nje ya muktadha, kama kile cha Kiingereza chenye maana ya "rahisi", ambacho chaweza kuwa sifa ya bei au tusi la ubora. Yaani neno lenye nyuso mbili lilitolewa mlangoni kabla mtihani haujaanza.

Ndipo ukaja mwaka 2002. Bo Pang na Lillian Lee wa Cornell, pamoja na Vaithyanathan wa IBM, walichukua tahakiki za filamu zilizoandikwa na watazamaji katika intaneti. Kwanza waliwaomba wanafunzi wawili wa uzamili wa sayansi ya kompyuta wabuni orodha za maneno ya kusifu na ya kuponda. Orodha ya kwanza ilipatia asilimia 58, ya pili asilimia 64. Kumbuka kwamba kurusha sarafu kungepatia asilimia 50! Kisha wakaiachia mashine ijifunze yenyewe kutokana na tahakiki zilizokwisha kutiwa alama, na njia bora kuliko zote ikapata asilimia 82.9.

Mwaka huohuo Peter Turney, huko Kanada, alijaribu njia nyingine kwa tahakiki 410 za magari, benki, filamu na mahali pa kutalii. Kwa jumla alipatia asilimia 74, lakini kwa magari alipanda hadi 84 na kwa filamu akashuka hadi 66. Kwa nini filamu zimshinde? Kwa sababu filamu nzuri yaweza kuwa na mauaji, usaliti na majonzi tele. Anayeisimulia hutumia maneno mabaya kusifu kitu kizuri. Turney alitoa mfano wa sifa ya kutotabirika: usukani usiotabirika ni hatari, msuko usiotabirika ni burudani. Jamani, si ndilo somo la fani na maudhui hilo? Watu wa kompyuta walilifikia kwa njia ya asilimia.

Lakini kuna jambo la 2002 ambalo ni muhimu kuliko asilimia zote hizo. Ile alama ya "chanya" au "hasi" aliiweka nani? Ilitoka kwa mwandishi wa tahakiki mwenyewe, aliyeipa filamu nyota au kuipendekeza kwa wengine. Watafiti hawakumsemea mtu. Mwandishi alisema maneno yake, kisha akatoa hukumu yake, na mashine ikajifunza uhusiano wa vitu hivyo viwili. Zile tahakiki za katikati Pang na wenzake waliziweka pembeni, wakashughulika na za kusifu na za kuponda tu. Hata hivyo walioziandika ndio waliozipa daraja.

Maoni ya video: kalamu yahama mkono

YouTube ilianza mwaka 2005. Mwanzoni watazamaji waliipa video nyota, moja hadi tano. Mwaka 2009 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba karibu kila anayepiga kura hutoa nyota tano, wachache hutoa moja, na katikati hakuna watu. Mwaka 2010 nyota zikaondolewa, vikaja vidole gumba viwili, cha juu na cha chini. Novemba 2021 hesabu ya vidole vya chini ikafichwa umma usiione, kwa maelezo kwamba wenye chaneli ndogo walikuwa wakishambuliwa kwa makusudi. Tangu hapo anayetaka kujua watu wamechukia nini hana budi kushuka kwenye maoni.

Wachunguzi walikwisha kushuka huko mapema. Mwaka 2010 Siersdorfer na wenzake walitoa utafiti wa maoni zaidi ya milioni 6 ya video 67,000. Mwaka 2012 Mike Thelwall na wenzake walionyesha kwamba maoni ya kawaida yalikuwa ya sifa za kadiri, lakini yaliyozaa majibu mengi yalikuwa hasi, na kwamba video za dini ziliwasha mijadala mikali zaidi. Haya ni maarifa ya kweli. Hakuna mhakiki, hata awe na miwani ya namna gani, angeweza kusoma maoni milioni 6. Tena sisi wahakiki wa Kiswahili kwa muda mrefu tumeandika "msomaji" kana kwamba tumemfuga nyumbani, bila kumwuliza msomaji yeyote. Kwa hilo mashine imetusuta, na imetusuta kwa haki.

Sasa tazama kilichobadilika. Maoni ya video hayana nyota. Aliyeandika "ama kweli!" hakutuachia daraja lolote. Kwa hiyo ili mashine ijifunze, ilibidi atafutwe mtu mwingine asome maneno ya mgeni na kuamua mgeni huyo alihisi nini. Kalamu ya kusahihishia ilihama kutoka mkono wa mwandishi hadi mkono wa msomaji asiyemjua. Katika kazi maarufu ya Socher na wenzake wa Stanford mwaka 2013, sentensi 10,662 za tahakiki za filamu zilikatwakatwa kwa mchoro wa matawi, uleule tuliochoshwa nao kwenye sintaksia, na vipande 215,154 vikatiwa alama na vibarua wa mtandaoni, watu watatu kwa kila kipande. Mashine ikaanza kuelewa ukanushi vizuri zaidi. Lakini alama sasa ni wastani wa vibarua watatu.

Kawaida iliyoenea katika kazi za namna hii ni kwamba wasomaji wawili kati ya watatu wakikubaliana, la wengi hushinda. Wote watatu wakipishana, sentensi mara nyingi hutupwa, kwa sababu eti ina kelele. Richards angeiokota jalalani akaiandikia sura nzima.

Kiswahili na kelele zake

Kwa Kiswahili mambo yana uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni wa sarufi. Ukanushi wetu mara nyingi haukai peke yake kama neno; umo ndani ya kitenzi. "Sikuipenda" ni neno moja, na mzizi wake ni "penda". Mashine ya orodha itaona upendo. "Hainichoshi" itaiona kama uchovu, kumbe ni sifa. Tatizo hili linatibika kwa mofolojia na data ya kutosha, na hatua imepigwa. Mwaka 2023 ulitolewa mkusanyo uitwao AfriSenti, wenye jumbe za Twitter zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za Afrika, zikiwamo Kihausa, Kiyoruba, Kiamhara, Kinyarwanda na Kiswahili, zilizotiwa alama na wasemaji wa lugha hizo wenyewe. Ni kazi ya kupongezwa, ingawa fungu la Kiswahili lilikuwa dogo sana likilinganishwa na la Kihausa.

Uzito wa pili haumo katika sarufi. Tuchukue msemo "hayawi hayawi, sasa yamekuwa". Uandike chini ya video ya harusi: ni vigelegele. Uandike chini ya video ya msanii aliyeachika: ni kicheko cha adui. Uandike chini ya harusi ya mtu ambaye ulisema hataolewa ng'o: hapo sasa! Au "Mungu anakuona". Kwa mgonjwa ni faraja, kwa mwizi ni onyo, na baina ya marafiki ni utani. Nami niliwapa wenzangu wawili sentensi niliyoitunga mwenyewe, "hongera dada, umetufunza", wakidhani ni maoni ya chini ya wimbo wa taarabu. Mmoja, mtoto wa Tanga, alisema papo hapo: huyo katukanwa. Mwingine alisema ni shukrani. Walibishana hadi tukafukuzwa maktaba, na hakuna aliyeshinda.

Huku si kukosa uangalifu. Pwani yetu imejenga sanaa nzima juu ya maneno ambayo msemaji anaweza kuyakana. Kanga huvaliwa ili jirani asome, na jirani akiuliza anaambiwa ni nguo tu. Mpasho hauna jina la mtu, na mwenyewe anajijua. Nia, ule upande wa nne wa Richards, imefichwa kwa ufundi makusudi. Wasomaji watatu wakigawanyika mbele ya fumbo, basi fumbo limefanya kazi yake. Ukilitupa kwa sababu wamegawanyika, umetupa kazi iliyofaulu na kubakiza maneno mepesi. Mashine itakayolelewa kwa data hiyo itakijua Kiswahili cha "nimeipenda sana" na "mbaya sana". Cha barazani haitakijua.

Nani anaumia?

Huenda mtu akasema: basi iwe hivyo, asilimia chache zikipotea kuna hasara gani? Hasara ipo. Mwaka 2016 YouTube iliwapa wenye chaneli uwezo wa kuiachia programu izuie kwanza maoni inayoyashuku, ili wayakague kabla hayajaonekana. Mwaka 2020 ilianza kuwaonya baadhi ya watoa maoni kabla hawajayatuma. Kutafuta matusi si sawasawa na kutafuta hisia, lakini ni ndugu wa tumbo moja, maana vyote viwili hujifunza kutokana na alama za wasomaji. Na tunajua alama hizo zinaweza kwenda kombo. Mwaka 2019 Sap na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mifumo ya kutambua lugha ya chuki iliziona jumbe zilizoandikwa kwa Kiingereza cha Wamarekani weusi kuwa za kukera hadi mara mbili zaidi ya nyingine. Waliotia alama walisoma lahaja ambayo si yao, wakaona tusi penye mazungumzo ya kawaida.

Fikiria basi kijana wa Dar es Salaam anayeandika "huyu jamaa ni balaa, atatuua!" kwa furaha yake yote. Mbele ya msomaji mwenye umri wa babu yake balaa ni balaa. Nani kati yao ataisahihishia mashine?

Nakiri kwamba mashine za leo si zile za 2002. Miundo mikubwa ya lugha iliyoenea tangu mwishoni mwa 2022 inaweza kuulizwa kuhusu kejeli na ikatoa maelezo ya kuridhisha. Lakini tunapotaka kujua imepatia kwa kiasi gani, tunailinganisha na nini? Tunailinganisha na majibu ya watu waliotia alama. Mwanafunzi amekuwa hodari. Karatasi ya majibu ni ileile.

Hitimisho

Kwa hiyo sishauri tuzikimbie programu hizi. Nashauri tuingie pale zinapofunzwa. Idara zetu zina watu waliofundishwa kwa miaka mitatu kutofautisha dhihaka na tashtiti, nao wanahitimu bila mtu kuwauliza chochote. Tungeweza kutia alama maoni ya Kiswahili kwa kushirikiana na wenzetu wa kompyuta, kwa sharti mbili. Kwanza, kila msomaji aandike kwa mstari mmoja kwa nini ameamua hivyo, na atokako, na rika lake. Pili, sentensi ambazo wasomaji wamepishana zisitupwe. Zihifadhiwe pamoja na ugomvi wake, na mashine ifundishwe kusema "wengine watalisoma hivi, wengine vile". Kitaalamu hilo linawezekana.

Na anayeandika tasnifu kwa jedwali la asilimia, tumwombe aongeze ukurasa mmoja tu: nani alitia alama data iliyoifunza programu yake, kwa lugha gani, na walipopishana ilikuwaje. Akishindwa kujibu, jedwali hilo ni maoni ya watu asiowajua kuhusu maoni ya watu asiowajua.

Najua wapo walimu watakaoniona nimewaonea watu wa kompyuta, na wapo watakaoniona nimewapendelea. Uwanja ni wenu, jamani. Karibuni tulumbane.